Nataka kuingia na buibui nilivue jukwaani: mara yangu ya kwanza kuimba kidumbak mbele za watu

Asumini_Kavu (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mie ni muitikiaji wa siku nyingi kwenye kikundi cha kidumbak, ile taarab ya ngoma ndogo ndogo, hapa mjini Unguja, upande wa Ng'ambo. Kazi yangu ni kukaa nyuma na wenzangu, kupiga makofi na kudaka kibwagizo. Sasa nimepewa wimbo wangu mwenyewe. Aliyekuwa akiuimba kaolewa, kahamia Dubai, kaniachia kwa mdomo wake na kikundi kimeridhia. Shughuli ni ya harusi, usiku wa wanawake, ukumbi wa ndani, mfunguo pili inshaallah.

Wazo langu ni hili. Niingie nimejifunika gubigubi kwa buibui la kizamani, lile la kufunga kamba kichwani, uso umezibwa, nionekane kama kizee kilichopotea njia kikaingia harusi isiyo yake. Niimbe ubeti wa kwanza hivyo hivyo. Halafu buibui liondoke, tena taratibu, na chini yake niwe na gauni la satini, hina mpaka viwikoni na vikuba vya asumini kichwani. Basi, mwisho hapo. Sivui kitu chengine, msije mkanisingizia.

Nauliza: nianzie wapi? Buibui liondoke wakati gani? Mikono niiweke wapi, maana bila ya makofi naiona mingi? Na nikitunzwa nifanyeje? Mwenye kejeli apite zake, barabara ya Bububu ni pana.

---

Bi_Mkasi

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera.

Nimesoma buibui, nimesoma satini, hina na vikuba. Wimbo wenyewe mbona hujatwambia unasema nini? Nani anaambiwa humo? Mwombaji, msaliti, jirani mwenye kijicho, mume? Hilo ndilo la mwanzo. Kina mama wa harusini Unguja utawaona wanakula sambusa na kusemezana, utadhani hawakusikilizi, lakini likipita neno la kumgusa mtu shingo zote zinageuka kwa pamoja.

Kwa hivyo uandike wimbo wote kwa mkono wako, ubeti kwa ubeti, utie alama pa kuvuta pumzi. Nyie waitikiaji kibwagizo mnakiimba hata usingizini, lakini beti mnazijua nusu nusu, kwa sababu ubeti ukiimbwa ndio wakati wenu wa soga. Ukipoteza kipande kimoja cha mstari, wenzio nyuma hawajui pa kudakia, na ukumbi mzima unajua kuwa hawajui.

Ukishaumiliki, tafuta neno. Wimbo wenye fumbo una mahali fumbo linapokaribia kufunguka, msikilizaji keshaanza kushuku lakini hajahakikisha. Buibui lako liondoke hapo. Ukilivua kwenye kipande cha fidla, watu watatazama nguo tu, wataulizana satini kainunua wapi. Ukilivua kwenye neno, neno na wewe mtaingia pamoja.

Na lisiondoke mara moja. Anza na macho. Uso ukizibwa sauti inazama, kwa hivyo mwisho wa mstari wa kwanza ushushe kitambaa kidogo, macho yenye wanja yaonekane, halafu usimame. Usifanye lolote. Wacha fidla ilie peke yake. Hapo ndipo wanaoanza hushindwa, kile kimya cha mwili huwatisha wakaanza kutikisika ovyo. Kisha mkono mmoja utoke, ule wenye hina nzuri zaidi, ukae nje ubeti mzima. Wale wa mbele wataanza kunong'onezana huyu nani. Ndipo kichwa. Tena kichwa kitoke polepole, kwa sababu vikuba vyako vimefungiwa joto muda wote huo na harufu itawafikia kabla hujafika wewe. Buibui lifukizwe udi tangu mchana. Wakae wakinusa udi, ghafla wanuse asumini.

Vikuba ununue jioni ya siku hiyo hiyo, vikiwa bado vitumba. Asumini hufunguka usiku. Vya asubuhi vitakuwa vimeshachoka.

Kuhusu mikono, katazame lelemama ya watu wazima ukiipata. Wale wanawake wanasimama mstari, sare moja, mwendo wote uko kwenye vifundo vya mikono na shingo, na hutochoka kuwatazama. Kiuno kipo, mwanangu, kila mtu anajua kipo. Usikitoe mwanzo.

La mwisho kwa leo: nyimbo za kidumbak zinaunganishwa na mwendo unazidi kupanda. Ngoma ikishachanganya buibui liwe halipo tena mwilini wala miguuni. Kitambaa cheusi sakafuni, miguu inakwenda mbio, utaanguka mbele ya bibi harusi.

---

Mpita_Njia77

Yaani siku hizi watu wanavua mabuibui jukwaani kisha wanatafuta ushauri mtandaoni. Zanzibar hii? Mila gani hii jamani?

---

Kaka_Sanduku

Mpita Njia, harusi zote za wanawake mabuibui yanavuliwa mlangoni na kutundikwa. Huyu kaliingiza ndani na kulivulia mbele kidogo. Tofauti ni hatua kumi.

Dada Asumini, mie napiga sanduku, lile boksi la chai lenye fimbo na kamba moja, linalofanya kazi ya besi. Naomba niseme ya upande wetu, maana waimbaji wapya wanatutesa.

Kwanza njoo mazoezini na buibui lenyewe, usije nalo siku ya shughuli. Wapigaji tunafuata mwili wa mwimbaji. Tukikuona umeinua bega tunajua unaingia ubeti. Ukiwa ndani ya buibui hatuoni bega, hatuoni mdomo, tutaingia kombo. Tupeane ishara. Mguu ukigonga mara mbili, ina maana rudia kipande. Ukimtazama mpiga fidla kwa macho, aurefushe ule muda aliousema Bi Mkasi. Mpiga fidla mzuri atakusubiri hata uchelewe, atakwenda akipamba mpaka uwe tayari. Mpiga fidla aliyeshtukizwa atamaliza kipande akuache peke yako.

Pili, sauti. Usichukue sauti ya yule aliyekwenda Dubai kwa sababu tu wimbo ulikuwa wake. Yeye alikuwa na koo la juu. Imba nasi ubeti wa mwisho, ule wa kelele, kwanza, tutafute pa kuuweka, ndipo turudi wa mwanzo. Ukianzia juu, ukifika huko mwendo umepanda na pumzi zimekwisha utakuwa unafoka.

Tatu, maiki. Maiki iwekwe kwenye stendi mpaka buibui liishe. Kitambaa kikigusa maiki spika zinakoroma ukumbi mzima, na ukiwa umeshika maiki mkono mmoja huna mikono miwili ya kuvulia.

Na wengine wanasahau: kikundi chetu wapigaji ni wanaume. Tumekaa humo humo. Umelifikiria hilo?

---

Asumini_Kavu

Nimelifikiria na ndilo linaloniuma kichwa. Bibi yangu kasema zamani wapigaji walikuwa wanakaa humo na hakuna aliyejali. Mama kasema zamani ni zamani.

---

Bi_Mkasi

Wapigaji wakae pembeni, waelekee ukutani au wawekewe pazia jepesi wasikie bila ya kuona, kama wenye harusi wanataka hivyo. Waulize wenye harusi, si sisi. Kaka Sanduku atakosa bega lako, basi ishara iwe ya sauti: mguu, au muitikiaji mmoja apige kofi. Na kama mna wasichana wanaoweza vidumbak, zile ngoma ndogo, na mkwasa, vile vijiti vya kugonga, watumieni. Tausi ni kikundi cha taarab cha wanawake watupu tangu 2009, wanapiga vyombo wenyewe, kwa hivyo asije mtu kusema wanawake hawawezi.

Mpita Njia, mwanangu, mila unayoiuliza ni hii hii. Siti binti Saad alitoka Fumba, alikuwa muuza vyungu, akaja mjini akaimba wakati mwanamke kuimba mbele za watu lilikuwa jambo la kusemwa. Wakamsema kweli, wakamtungia wimbo wa kumtukana kwa nguo alizokuja nazo na sura yake. Akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si hoja. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na waliomtukana majina yao hatuyajui. Bi Kidude akaja baada yake, akaimba taarab, akapiga ngoma ya unyago, akachukua tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, 2005 akiwa kizee, hadi alipofariki Aprili 2013. Unadhani hao walikuwa wamekaa kimya pembeni?

Naongeza hivi kwa usawa: unyago ni wa wenyewe na mambo yake hayaletwi jukwaani. Asumini, ukiona mtu anakushauri uchukue kitu cha unyago ukitie kwenye onyesho lako, mwambie ahsante na usifanye.

---

Mshoni_Darajani

Nimechelewa, nilikuwa na sare za watu. Hapa ndipo penye utaalamu wangu.

Buibui la kamba la kweli ni kitambaa kingi mno, limeshonwa lishike, siyo liachie. Ukilitaka litoke vizuri linashonwa upya. Pale shingoni na mbele tunaweka vifungo vidogo vya kubana, vile vya chuma vya kubonyeza, vinne au vitano tu. Usikubali mtu akuwekee ule utepe wa kunata. Ukichanika unalia kama mtu anapasua gunia la karafuu, na umesema wewe unataka taratibu. Kamba ya kichwani ifungwe fundo la kuvuta upande mmoja, upande wa mkono unaoutumia, na ncha yake itiwe ushanga ili vidole viipate bila ya kutazama.

Kitambaa cha buibui kiwe chepesi lakini chenye kuteleza. Chini yake umevaa satini, satini juu ya satini itateleza yenyewe, saa nyengine kabla hujataka! Kwa hivyo ndani ya mabega tunatia kipande kidogo cha pamba kishike. Jojeti usitumie, itanasa kwenye pini za vikuba, utavuta buibui litoke na nywele.

Gauni lenyewe: naona wasichana wanapenda dera kwa sababu ya wepesi. Dera ukiwa ndani ya buibui halina umbo, unatoka kwenye gunia moja unaingia jengine. Gauni la kukata mwili kiasi, refu, mkono wa robo tatu ili hina ionekane. Liwe na nafasi ya kuvuta pumzi mbavuni. Njoo upimwe ukiwa unaimba, nasema kweli, uimbe hapa dukani tuone mbavu zinafika wapi.

Viatu vivaliwe nyumbani kabla. Na poda, hapa kwetu kaskazi ikipiga ukumbi ule unakuwa tanuri, na wewe umejifunika. Ukifunua uso wanja uko kwenye mashavu. Weka poda kidogo, wanja usioyeyuka, na kitambaa cha kupangusia kishonwe ndani ya buibui mahali mkono unapofika.

---

Mzalia_Malindi

Hamjambo nyote. Mimi niko Uingereza miaka mingi, nashona pia, Mshoni tutaelewana. Hapa nilipo wateja wangu wengine ni wanawake wa baleski. Nimekaa nikisoma uzi huu nacheka, kwa sababu maswali ya Asumini ndiyo wanayoniuliza wao kila anapokuja mgeni na onyesho lake la kwanza.

Kwa wasioijua: baleski ni sanaa ya jukwaani ya huku. Ilianza kama kejeli, wanawake wakiigiza hadithi za wakubwa kwa kuzigeuza vichekesho, hata wakicheza nafasi za wanaume. Lydia Thompson na kundi lake walivuka kutoka London mwaka 1868 kwenda New York wakaufanya mji ugawanyike, nusu wanaenda kutazama, nusu wanaandika magazetini kuwa dunia imekwisha. Huko Marekani baadaye ikaingia habari ya kuvua nguo jukwaani, na hapo ndipo jina lilipoharibika. Mwaka 1937 meya wa New York, La Guardia, akazinyima leseni nyumba za baleski. Ikafifia, kisha kuanzia miaka ya 1990 wanawake wakaifufua wenyewe, kwa nguo za kushona kwa mkono, manyoya, glavu ndefu na vichekesho.

Simwambii Asumini avue. Nasema ufundi wao wa kusubirisha ni wa kujifunza. Kulikuwa na mmoja, Gypsy Rose Lee, sifa yake kubwa ilikuwa kwamba anaongea. Anavua glavu moja huku akizungumza mambo ya vitabu na kumfanyia mzaha tajiri wa mstari wa mbele, na watu wanaondoka wakisema wameona mengi, ilhali walichoona ni kidogo. Mwengine, Sally Rand, alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago 1933. Kazi yote ilikuwa ni pepeo gani liko wapi. Watazamaji walikuwa wanatazama mapepeo.

Sasa wanavyowafundisha wanaoanza, na naona yanakuhusu:

Onyesho la kwanza liwe fupi, wimbo mmoja, dakika tatu mpaka tano. Kidumbak hakikatwi hivyo najua, lakini sehemu yako ya buibui iwe na urefu huo, zaidi ya hapo watu wanachoka kukisia. Uwe unaweza kulisema wazo lako kwa sentensi moja. Wewe umeshalisema: kizee kaingia harusi isiyo yake, kumbe si kizee. Kwa hivyo tembea kizee. Mgongo uiname, hatua ziwe fupi, sauti ya ubeti wa kwanza iwe na ukizee kidogo. Hilo hujalitaja na mie naliona ndilo la kuchekesha kuliko yote. Mgongo ukinyooka watu watapiga vigelegele hata kabla ya buibui kutoka.

Mazoezi yafanywe kwa nguo kamili, kila mara, maana mikono inajifunza vifungo na akili haiwezi kuisaidia usiku ule. Jirekodi kwa simu, utazame bila ya sauti. Ukiielewa hadithi bila ya sauti, iko sawa.

Na wana mtu mmoja wanayemwita paka wa jukwaa. Ni msaidizi, kazi yake kuokota nguo zilizoachwa chini mwimbaji akishatoka, ili anayefuata asizikanyage. Naye anavaa vizuri na kuokota kwa madaha. Wewe mtafute wako wa kupokea buibui.

---

Mpita_Njia77

Haya, mie nimenyamaza. Ila hilo la kutembea kizee nimelipenda.

---

Bi_Mkasi

Umeona? Anayemkataza ndiye anayetaka kuona.

Mzalia Malindi, ahsante, hilo la mgongo nalichukua. Naomba nikutofautishe mahali pamoja. Huko kwenu mtazamaji kakaa kitini na mwimbaji yuko juu. Hapa watu wanapanda. Watakuja kukutunza, Asumini, na swali lako la tunzo hatujalijibu.

Anayekuja na noti mkononi haji kwa sababu umeimba vizuri peke yake. Kuna anayekuja kwa sababu ni shangazi yako. Kuna anayekuja aonekane na sare yake. Na kuna anayesubiri mstari maalumu, anainuka kwenye mstari ule ule, anakuja akicheza polepole, anakuvisha noti, na macho yake hayako kwako, yako kwa mwanamke mwengine aliyekaa meza ya tatu. Ule mstari kaununua. Kauchukua wimbo wako akamtupia mwenzake. Ndiyo taarab ilivyo tangu enzi na ndiyo iliyoifanya mipasho ya miaka ya 1990, kina Khadija Kopa na Nasma Khamis, ijaze kumbi: kila mtu alikuwa anapata neno lake humo.

Wewe mgeni jukwaani usimfuate kwa macho. Usitazame meza ya tatu! Mtazame mtunzaji, tabasamu, inamisha kichwa, endelea na mstari. Ukigeuka kumtazama anayesemwa, umeshaingia ugomvi wa watu na kesho utahadithiwa Kikwajuni mpaka Mwanakwerekwe. Akitaka uurudie mstari, na wengine wataomba, urudie mara moja, kisha mguu uwape ishara wapigaji mwende mbele. Wakubwa wanajua kuucheza ule moto, wanaurudia hata mara sita na kila mara wanaupa sauti nyengine. Usianze na hilo.

Noti usiikamate kwa mkono ukaibana. Waache waiweke kichwani, begani, au waidondoshe. Msaidizi ndiye anayeokota, ana kikapu chake cha ukili, na ndiye huyo huyo atakayepokea buibui. Awe mtu unayemwamini kwa pesa. Na kabla ya shughuli kikundi kikubaliane mbele ya wote: tunzo ni ya mwimbaji, au ya kikundi, au ni fungu kwa fungu. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika havikuvunjwa na muziki.

Halafu jihadhari, wakianza kutunza wakati bado umejifunika. Inatokea. Shangazi zako hawatosubiri. Mtu akikujia ungali kizee, mpokee kizee: mkono unatetemeka, unamwombea dua. Usivunje hadithi kwa sababu ya elfu kumi.

---

Kaka_Sanduku

Hii ya kikapu nimeisikia. Tunzo ni fungu kwa fungu, naandika hapa mbele ya mashahidi.

---

Mtoto_wa_Wete

Huku Pemba shughuli zetu ndogo ndogo hazina maiki wala stendi, umeme nao una siku zake. Nami niliimba mara ya kwanza bila ya spika. Faida yake ni kuwa watu wakitaka kusikia wananyamaza. Dada, fanya zoezi moja bila ya maiki kabisa, ukumbi mtupu, mama yako akae nyuma kabisa. Asiposikia maneno, tatizo ni ulimi, haliko kwenye spika.

La pili ni simu. Hapo ndipo nguvu zote ziende. Umejifunika, umejifunua, ni wanawake watupu, sawa. Kesho video iko kwenye makundi ya wanaume wa Chake na Wete. Sitaki kukutisha lakini nimeona harusi nzuri ikageuka kesi ya familia kwa sababu ya sekunde kumi na tano.

---

Mshoni_Darajani

Kweli. Harusi nilizoshona sare mwaka huu nyingi simu zinakusanywa mlangoni kwenye mifuko yenye namba. Waliokataa kutoa wanakaa nje. Wenye harusi waseme tangu kwenye kadi.

---

Mzalia_Malindi

Na yule aliyeajiriwa kupiga picha aulizwe mapema. Sehemu ya buibui asipige, au apige kwa simu ya bibi harusi tu. Mandugu wengi wanasahau mpiga picha.

---

Asumini_Kavu

Nimewasoma nyote mara ya pili na daftari. Basi nawapa tulipofikia.

Wimbo ni wa jirani anayekuja kila siku kuomba moto na chumvi kumbe anapeleleza. Neno lipo: ubeti wa tatu, mstari wa mwisho, pale jirani anapoulizwa leo kafuata nini. Buibui litaanguka hapo. Kizee ndiye jirani! Sikuwa nimeliona mpaka Bi Mkasi aliponiuliza wimbo unasema nini. Nilikuwa nimefikiria kizee kwa ajili ya mshangao tu.

Mama kakubali wapigaji wawekewe pazia. Ishara itakuwa kofi la muitikiaji. Mdogo wangu ndiye wa kikapu na buibui, kashaanza kujidai.

Nina swali moja bado. Nikishavua, beti zinazobaki ni tatu na mwendo umepanda. Nabaki nafanya nini? Naogopa nitakuwa nimemaliza kila kitu.

---

Bi_Mkasi

Hapo ndipo unapoanza kuimba, bibi. Mpaka hapo walikuwa wanakukisia. Sasa unawaambia beti tatu usoni, na kiuno nilichokwambia ukiweke akiba ubeti wa tano ndio wake. Ubeti wa nne simama wima, usicheze hata kidogo, wewe ni mwenye nyumba na jirani keshafumaniwa. Waitikiaji watakuwa wanacheza nyuma yako, wacha wacheze. Wa tano, kanga ifungwe kiunoni, mdogo wako akuletee kwa madaha kama paka wa Mzalia, na hapo ingia kwa nguvu zote. Wa sita waachie kibwagizo waimbe ukumbi, we unacheza na bibi harusi au mama yake.

---

Kaka_Sanduku

Na usitoke jukwaani kwenye wimbo unaofuata. Nyimbo zimeunganishwa, utatupita njiani. Rudi nyuma, kaa na waitikiaji, piga makofi yako.

Iko siku mkitaka kuupeleka ukumbi wa kiingilio, mimi nishasema kwenye kikundi: tupite BASSFU, baraza la sanaa na utamaduni la Zanzibar, tuulize vibali kwanza, tusiwe watu wa kufukuzwa katikati ya fidla.

Mazoezi Alkhamisi baada ya Isha. Njoo na buibui.

---

Mshoni_Darajani

Buibui hana, anasubiri mimi, na mimi nasubiri yeye. Asumini, leta lile la bibi nilipime, na hujanambia satini rangi gani. Sare ya harusi ni ipi? Wasije wenye harusi wakawa zambarau na wewe ukafunua zambarau.

---

Asumini_Kavu

Sare ni zambarau! Nilikuwa nishanunua zambarau, mita nne. Kijani ya chupa unayo?

---

Mshoni_Darajani

Ipo. Hiyo zambarau niuzie mimi, nina mtu.